Namna ya Kuandika Barua ya Nyota: Mwongozo kwa Watazamaji wa Dodoma na Nyanda za Kati

Mwongozo huu ni kwa mtu anayeishi Dodoma, Singida, Manyoni, Kondoa, Kongwa au popote katika nyanda za kati, ambaye hana darubini lakini ana macho mazima, daftari, na rafiki mmoja katika mji mwingine aliye tayari kutazama nyota ileile. Watu wawili wa namna hiyo wanaweza kufanya kazi ya kweli ya astronomia kwa kuandikiana barua. Hawana haja ya kubuni utaratibu mpya, kwa sababu utaratibu huo ulikwisha kunyooshwa katika karne ya 19, wakati watazamaji wa Palermo, Berlin, London na Rasi ya Tumaini Jema walipokuwa wakitegemea karatasi, wino na posta ili kuambiana walichokiona. Ninawaita wanaastronomia, wala si wanajimu, kwa kuwa mnajimu kwa wengi wetu ni mtu anayesoma bahati, ilhali barua ninazozieleza hapa hazina habari ya bahati ya mtu yeyote: zinasema ni nini kilionekana, wapi, saa ngapi, na kwa macho ya nani.

Kwa misimu kadhaa ya kiangazi nimekuwa nikiandikiana na mwalimu mstaafu anayeishi Kondoa, ambaye nitamwita tu Mwalimu. Karibu kila kosa linaloweza kufanywa katika kazi hii nimelifanya mimi, na kila nilipotafuta dawa yake nimeikuta katika barua za watu wa karne ile.

Barua zao hazikuwa za faragha kama tunavyodhani leo. Tangu mwaka 1800 Franz Xaver von Zach alikuwa akitoa huko Gotha jarida ambalo jina lake, Monatliche Correspondenz, lina maana ya mawasiliano ya kila mwezi kwa barua, na mwaka 1821 Heinrich Christian Schumacher alianzisha Astronomische Nachrichten katika mji wa Altona, karibu na Hamburg, uliokuwa wakati huo chini ya mfalme wa Denmark. Sehemu kubwa ya kurasa za jarida hilo la pili, ambalo lipo hadi leo, ilijazwa na barua ambazo watazamaji walimtumia Schumacher, naye akazichapa ili wengine wazisome, wazipime na wazijibu. Kwa hiyo mwandishi wa barua ya nyota alijua kwamba anamwandikia rafiki, na papo hapo anamwandikia mtu asiyemjua kabisa, ambaye huenda atakuja kuzihitaji namba zake miaka mingi baadaye. Ukiandika barua yako ya kwanza, mweke mbele yako mtu huyo wa pili. Je, ataweza kuitumia barua bila kukupigia simu? Maelekezo yote yanayofuata yanatokana na swali hilo.

Kuchagua nyota

Kwa anayeanza, napendekeza nyota inayobadilika mwangaza, kwa sababu ina jambo jipya la kusema kila usiku na haihitaji chombo chochote. Mwaka 1844 Friedrich Argelander, mwanaastronomia wa Bonn, aliwaandikia hadharani wapenzi wa elimu ya anga akiwaomba wazitazame nyota za aina hii, kwa kuwa zilikuwa nyingi kuliko wataalamu waliokuwapo, na kwa kuwa jicho lililozoea lilitosha.

Nyota inayotufaa sisi ni eta ya kundinyota la Tai (eta, beta, delta na nyinginezo ni herufi za Kigiriki zinazotumiwa kuzitaja nyota za kundi moja). Hupanda na kushuka kati ya daraja la 3.5 na la 4.4 la mwangaza kwa muda wa siku 7 na saa 4 hivi, kisha huanza upya. Ikumbukwe kwamba katika hesabu ya madaraja namba ndogo ndiyo nyota angavu zaidi. Kipimo hicho kilinyooshwa na Norman Pogson mwaka 1856, ambaye alipanga kwamba tofauti ya madaraja 5 iwe sawa na mwangaza mara 100. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, nyota hii iko juu sana mapema usiku, na katikati ya Septemba hupita karibu na utosi wa Dodoma kabla kidogo ya saa tatu usiku. Huo ndio wakati ambapo mvua ziko mbali, na usiku wa nyanda za kati unaweza kuwa safi kwa majuma mfululizo, neema ambayo Argelander na wenzake huko Bonn hawakuijua.

Ili kuipata, simama ukielekea kaskazini, inua uso hadi uione Altair, nyota nyeupe kali yenye nyota mbili pembeni, moja kila upande, zote tatu zikiwa karibu kwenye mstari mmoja. Ile iliyo hafifu zaidi kati ya hizo mbili, ambayo kwetu iko upande wa juu, ni beta, yenye daraja la 3.7. Endelea kupanda kuelekea utosini na utakutana na mstari mwingine wa nyota tatu zilizotawanyika: theta upande wa mashariki, delta upande wa magharibi, na eta katikati yao. Delta ina daraja la 3.4. Karibu na eta, kusini-magharibi yake, iko iota, yenye daraja la 4.4. Beta, delta na iota hazibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua, na ndizo mizani yako.

Kutazama na kuandika papo hapo

Zima taa ya uani. Kaa gizani dakika 20 au 30 kabla ya kuamini unachokiona, maana jicho lililotoka sebuleni bado limejaa mwanga. Mji wa Dodoma umepata taa nyingi tangu ofisi za serikali zihamie, kwa hiyo anayekaa mjini katikati atafute upande wa nyumba usiofikiwa na taa za barabarani, au aombe kiwanja kwa ndugu walioko Hombolo, Chamwino au Bahi. Tochi ifungwe kwa kitambaa chekundu. Mimi hutumia kipande cha khanga kilichokunjwa mara mbili. Daftari bora ni kaunta buku lenye jalada gumu, kwa kuwa kurasa zake hazichomoki, na kalamu ya risasi ni bora kuliko wino kwa mtu anayeandika gizani.

Sasa linganisha. Njia ya Argelander huitwa njia ya hatua. Tazama eta na nyota moja ya mizani kwa zamu, ukihamisha jicho kutoka moja hadi nyingine bila kuikodolea yoyote kwa muda mrefu. Zikionekana sawa, lakini baada ya kuzirudia mara kadhaa ukaona moja inaizidi nyingine mara nyingi kuliko inavyozidiwa, tofauti hiyo ni hatua moja. Zikikaribia kuwa sawa mwanzoni, lakini ukitulia ukaona moja inazidi karibu kila mara, ni hatua mbili. Tofauti ndogo inayoonekana tangu jicho la kwanza ni hatua tatu, na ile iliyo wazi kabisa ni hatua nne. Zaidi ya hapo usikadirie, tafuta nyota nyingine ya mizani iliyo karibu zaidi. Ukiona kwamba beta inaizidi eta kwa hatua tatu, na eta inaizidi iota kwa hatua nne, andika hivi tu: beta 3 eta 4 iota.

Usiandike daraja la mwangaza usiku huo. Daraja ni hesabu, na hesabu hufanywa mchana. Kati ya beta ya 3.7 na iota ya 4.4 kuna sehemu 7 za kumi. Hatua zako ni 7. Kila hatua ina thamani ya 0.1, kwa hiyo eta ilikuwa 4.0. Hata hivyo barua lazima iwe na ile mistari ya hatua, si hiyo 4.0 peke yake, kwa sababu siku moja mtu atapima upya mwangaza wa beta au iota kwa chombo bora, na akiwa na hatua zako ataweza kuifanya hesabu upya, ilhali akiwa na matokeo matupu hataweza kuyarekebisha.

Jambo hilo lina historia yake hapa kwetu Afrika. David Livingstone alipokuwa akisafiri barani alipima nafasi za jua, mwezi na nyota ili kujua yuko wapi, na vipimo hivyo alimpelekea Thomas Maclear, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kutazamia nyota cha Rasi ya Tumaini Jema. Hakupeleka majina ya mahali na latitudo zilizokwisha kukokotolewa tu. Alipeleka vipimo vyenyewe, na Maclear akavifanyia hesabu upya akiwa na majedwali na utulivu ambao msafiri aliyekuwa na homa hemani hakuwa nao. Vipimo ghafi vilivyosafiri salama viliweza kusahihishwa, na hiyo ndiyo faida yake.

Tarehe na saa

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo barua nyingi huharibikia, na msemaji wa Kiswahili ana mitego mingi kuliko wengine.

Mwezi Julai wa msimu wetu wa kwanza nilimwandikia Mwalimu kwamba nimeiona eta ikiwa chini kabisa "Jumatano usiku, saa nane." Mwalimu, ambaye alikulia pwani na kwake siku huanza jua linapokuchwa, alielewa usiku unaotangulia mchana wa Jumatano. Mimi nilikuwa na maana ya usiku uliofuata mchana wa Jumatano, na kwa hesabu ya kalenda ya serikali saa nane hiyo ilikuwa tayari ni Alhamisi. Kwa maneno manne tulikuwa tumetofautiana siku nzima, katika nyota ambayo mzunguko wake wote ni siku saba. Tulibishana kwa karibu mwezi mmoja, kila mmoja akidhani mwenzake hajui kutofautisha eta na theta, hadi siku aliponiuliza katika barua: "Usiku wa kuamkia siku gani?"

Maneno hayo, usiku wa kuamkia, ni hazina ambayo Kiswahili kimetuwekea, na ninasihi yatumike katika kila barua. Andika "usiku wa tarehe 13 kuamkia tarehe 14 Septemba", na hakuna atakayekosea. Wanaastronomia wa karne ya 19 walikuwa na tatizo lilelile na walilitatua kwa njia yao: siku yao ilianza adhuhuri badala ya saa sita usiku, ili usiku mzima wa kazi uwe na tarehe moja, na desturi hiyo iliendelea hadi mwisho wa mwaka 1924. Ndiyo maana anayesoma barua zao za asili huona saa zilizopita kumi na mbili zikihesabiwa mfululizo, na asipojua desturi hiyo hukosea siku katika kila jambo lililotokea baada ya usiku wa manane.

Baada ya tarehe, saa. Andika saa zote mbili: kwanza ile unayoisema kinywani, kisha ile ya tarakimu za saa ishirini na nne. Saa mbili na dakika arobaini usiku ni 20:40 kwa saa za Afrika Mashariki, nayo ni 17:40 kwa saa ya Greenwich, kwa kuwa sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kabla ya mkutano wa Washington wa mwaka 1884, ulioichagua Greenwich kuwa mstari wa kuanzia kuhesabu longitudo, kila kituo kiliandika saa ya mahali pake, na mwandishi aliyesahau kutaja saa ya mji gani alimwachia msomaji kitendawili. Mahali petu pia pana saa yake. Dodoma iko kwenye longitudo ya nyuzi 35 na dakika 45 mashariki, lakini saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa nyuzi 45, na kwa sababu hiyo jua letu hufika katikati ya anga, kwa wastani, dakika 37 baada ya saa kuonyesha saa sita mchana. Kwa nyota inayobadilika kwa siku saba dakika hizo hazidhuru, ila anayetaka kuripoti kimondo au kupatwa kwa mwezi azizingatie, na aseme anatumia saa ipi. Simu ya mkononi iliyounganishwa na mtandao inatoa saa iliyo sahihi kuliko saa nyingi walizokuwa nazo wao. Tatizo letu si usahihi wa saa, ni uvivu wa kuitaja kikamilifu.

Asiyeamini kwamba tarehe hupotea hata kwa watu makini na atazame habari iliyopita karibu na milango yetu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita Mpwapwa na Ugogo kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, akaenda hadi Ujiji na kumkuta Livingstone. Stanley aliandika kwamba walikutana tarehe 10 Novemba. Shajara ya Livingstone inauweka mkutano huo mwezi Oktoba. Watu wawili walishikana mikono mchana kweupe, wote wawili wakiwa na desturi ya kuandika kila siku, na bado hatuna tarehe moja ya siku ile kutoka kwao.

Usimwambie mwenzako kabla hajatazama

Simu imetuletea kishawishi ambacho posta ya zamani haikuwa nacho. Ukiiona eta imeshuka, kidole kinakwenda chenyewe kwenye wasapu kumjulisha mwenzako, na dakika kumi baadaye yeye naye anaiona imeshuka, kwa sababu umemwambia. Uchunguzi wake kuanzia hapo ni mwangwi wa wako.

Tarehe 1 Septemba 1859 Richard Carrington, akichora madoa ya jua, aliona mwako mweupe ukitokea ghafla katikati ya kundi la madoa. Alikimbia kumwita shahidi, akarudi katika muda usiofika dakika moja, akakuta mwako umefifia sana. Baadaye ilijulikana kwamba mtazamaji mwingine, Richard Hodgson, aliuona peke yake mahali pengine. Carrington, badala ya kumwandikia Hodgson walinganishe habari, alijizuia kwa makusudi kubadilishana naye neno lolote, ili taarifa zao mbili ziifikie Jumuiya ya Kifalme ya Astronomia zikiwa hazijagusana. Kila ninaposoma habari hiyo naheshimu zaidi kujizuia kule kuliko ugunduzi wenyewe. Sisi na Mwalimu tumejiwekea kanuni kwamba hakuna anayetaja eta katika simu. Tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto na za mvua, na nyota tunaiachia karatasi. Barua zetu hutumwa siku moja, kila Jumamosi ya pili, ili zipishane njiani.

Macho nayo hutofautiana. Friedrich Bessel alionyesha mapema katika karne hiyo kwamba watazamaji wawili wazoefu, wakipima tukio moja, hutofautiana kwa kiasi ambacho hurudia kila mara, kana kwamba kila mtu ana saa yake ya ndani. Mimi huiona eta ikiwa hafifu kuliko Mwalimu kwa hatua moja hivi. Tuligundua hivyo baada ya misimu miwili, na kama tungekuwa tumeambiana kabla ya kutazama tusingegundua kamwe.

Kutuma mapema, na kumtumia anayefaa

Usisubiri hadi barua iwe nzuri. Thomas Henderson alipima nyota ya alfa ya Kantarusi akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833. Ni nyota ileile tunayoiona upande wa kusini, moja kati ya mbili zinazoelekeza kwenye Msalaba wa Kusini. Katika vipimo vyake ulikuwamo umbali wa nyota hiyo, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulithibitisha kwa nyota yoyote isipokuwa jua. Lakini alikawia kuyachapa matokeo hadi Januari 1839, na miezi michache kabla ya hapo, mwaka 1838, Bessel alikuwa amekwisha kutangaza umbali wa nyota nyingine, 61 ya kundinyota la Dajaja. Ndiyo maana jina linalotajwa kwanza ni la Bessel.

Maria Mitchell aliokolewa na barua ya mapema. Aliiona nyota yenye mkia kwa darubini tarehe 1 Oktoba 1847 katika kisiwa cha Nantucket, Marekani, na baba yake akamwandikia William Bond wa Harvard tarehe 3 Oktoba, siku ileile ambayo Francesco de Vico aliiona akiwa Roma. Mfalme wa Denmark alikuwa ameahidi medali ya dhahabu kwa atakayegundua nyota ya namna hiyo, kwa sharti kwamba habari itumwe kwa posta ya kwanza. Ulifuata mjadala mrefu wa barua kuvuka bahari, na medali ikamfikia mwenyewe mwaka 1848, kwa kuwa barua ya Nantucket ilikuwa imetaja usiku na saa.

Anayefaa kuandikiwa ni yule atakayetazama. John Birmingham wa Tuam, Ireland, alipoona usiku wa tarehe 12 Mei 1866 nyota ngeni iking'aa katika kundinyota la Taji la Kaskazini, aliandikia gazeti moja la London, nalo halikuichapa barua yake. Kisha akamwandikia William Huggins, aliyekuwa na chombo cha kuchambua mwanga, na tarehe 16 Huggins alikuwa amekwisha kuielekezea chombo hicho, wakati nyota yenyewe ikififia haraka. Kama Birmingham angekata tamaa baada ya gazeti, siku hizo chache zingepotea.

Ufupi hauna ubaya. Mwaka 1892 Thomas Anderson wa Edinburgh aliarifu kuhusu nyota mpya katika kundinyota la Hudhi kwa kadi ya posta tu, akieleza iko upande gani wa nyota zinazojulikana na mwangaza wake ukilinganishwa na jirani yake. Kadi ilitosha kabisa kwa wataalamu kuipata. Alichokosa ni kitu kimoja, hakutia jina lake. Wewe tia jina na S.L.P. yako.

Mfano wa barua

Heshima na salamu zisiachwe. Barua za karne ile zilianza kwa adabu kubwa, na sisi tuna adabu yetu, iwe shikamoo au mbukwenyi. Kinachotakiwa ni salamu zikae mahali pake na namba zikae mahali pake. Hii ni barua niliyomwandikia Mwalimu, nikiwa nimeacha tu habari za nyumbani:

"Mwalimu wangu mpendwa, shikamoo. Sisi hatujambo, mama watoto anakusalimu.

Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Septemba, saa mbili na dakika 40, yaani 20:40 kwa saa za Afrika Mashariki, 17:40 Greenwich. Mahali ni uani kwangu, Dodoma. Macho matupu. Mwezi haukuwapo. Upepo ulikuwa umetulia, lakini upande wa magharibi kulikuwa na vumbi jembamba hadi urefu wa ngumi mbili kutoka upeo. Nyota zetu zilikuwa juu ya vumbi hilo. Beta 3 eta 4 iota. Nimerudia saa 21:05, nikapata beta 3 eta 3 iota. Ya kwanza naiamini zaidi, kwa sababu kabla ya kurudia gari la jirani liliniwashia taa usoni.

Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 sikutazama, nilikuwa msibani. Usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 kulikuwa na moshi wa mashamba yaliyochomwa, nyota za daraja la 4 hazikuonekana vizuri, kwa hiyo sikukadiria.

Mwanao, Dodoma."

Angalia kwamba usiku usio na uchunguzi umeandikwa pia, pamoja na sababu yake. Pengo lisiloelezwa humfanya msomaji adhani kwamba barua imepotea au kwamba nyota haikuonekana, na hayo ni mambo mawili tofauti sana. Angalia pia kwamba kipimo cha pili hakikufutwa kwa sababu kinapingana na cha kwanza. Kabla ya kufunga bahasha, nakili barua nzima katika kaunta buku, au ipige picha kwa simu; wao walikuwa na mashine za kunakilia na vitabu vya nakala, na ni kwa sababu ya nakala hizo kwamba barua nyingi zilizoharibika njiani bado zinasomeka.

Malizia kwa ombi

Barua inayotoa habari tu hupata jibu la asante. Barua inayoomba jambo dhahiri hupata kazi. Tarehe 18 Septemba 1846 Urbain Le Verrier wa Paris alimwandikia Johann Galle wa Berlin, na jambo la kupendeza ni kwamba alianza kwa kumshukuru kwa tasnifu ambayo Galle alikuwa amemtumia mwaka uliotangulia bila kupata jibu. Baada ya shukrani hizo zilizochelewa alimweleza mahali pa kuelekeza darubini, na kwamba sayari anayoitafuta itaonekana kama kisahani kidogo, si kama nukta. Barua ilifika tarehe 23 Septemba. Usiku huohuo Galle alikaa kwenye darubini, mwanafunzi Heinrich d'Arrest akiwa na ramani mpya ya nyota mezani, mmoja akitaja nyota anazoziona na mwingine akizikagua kwenye ramani, hadi Galle alipotaja moja ambayo ramani haikuwa nayo. Ilikuwa pungufu ya nyuzi moja kutoka mahali palipotajwa katika barua. Sayari hiyo ni Neptuni.

Ombi lako liwe na umbo hilohilo: nyota gani, usiku upi kuamkia upi, kati ya saa ngapi na ngapi, na unatarajia nini kionekane kikiwapo. Lile la kutarajia liandikwe katika karatasi ya pili iliyokunjwa peke yake, ambayo mwenzako ataifungua akishatazama, ili kanuni ya Carrington isivunjwe.

Barua ya mwisho ya Mwalimu ilinifikia Jumanne. Anasema mawingu yamemzuia Kondoa kwa siku nne, na ananiomba niitazame eta usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, kati ya 19:45 na 21:00, mara tatu ikiwezekana. Karatasi yake ya pili nimeiweka chini ya kaunta buku, haijafunguliwa.